Januarius na Sura ya Manju

Siku Mayala alipomwona Januarius kwa mara ya kwanza, alidhani ni mtu aliyeanguka. Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka hamsini na tano, saa ya ng'ombe kwenda kunywa maji. Kijana mmoja mwenye kaptula nyeupe alikuwa amelala kifudifudi pembeni mwa njia ya mifugo pale Dutwa, kidevu kimegusa vumbi. Mayala aliacha tairi alilokuwa akiziba, akamkimbilia. Alipofika karibu akaona kijana ana karatasi mbele yake na penseli mkononi. Alikuwa anachora kwato.

"Umeumia?" Mayala akauliza.

"Sogea kidogo, kaka," kijana akajibu bila kuinua macho. "Unanizibia ng'ombe."

Mayala akasogea, tena akaona haya, kana kwamba yeye ndiye aliyekutwa amelala njiani.

Mayala alikuwa fundi wa baiskeli. Alifanyia kazi barazani mwa duka la Mhindi, na umri wake ulikuwa unakaribia miaka arobaini. Alisoma mpaka darasa la nne akaishia hapo. Hakuwa mjinga, ila maneno yalimjia kwa kuchelewa. Watu waliweza kumaliza maongezi, wakaagana, wakaondoka, ndipo jibu lake likafika mdomoni. Wateja walimpenda kwa ajili hiyo. Mtu akipeleka baiskeli kwa Mayala hupumzisha masikio.

Baadaye mchana ule kijana alikuja barazani na baiskeli iliyolegea pedali, akajieleza mwenyewe bila kuulizwa. Aliitwa Januarius, mtoto wa Klementina, yule mjane wa katekista wa Kasoli. Mayala alikwisha kusikia habari zake, maana hapakuwa na mtu asiyezisikia. Mapadri walimsomesha akafaulu, akapelekwa chuo ng'ambo ya ziwa, Uganda, na huko akachagua kusomea uchoraji. Watu wa Kasoli walielewa mtu kusomea ukarani au udaktari wa sindano. Hili liliwashinda.

"Mwanao anasomea nini, Klementina?"

"Kuchora."

"Kuchora nini?"

"Kuchora tu."

"Basi akirudi akuchoree magunia matatu ya mtama, maana mwaka huu mvua imetupita."

Klementina alicheka pamoja nao, akaenda kulilia jikoni.

Januarius alikuwa amekuja likizo na kazi. Walimu wake walitaka picha kumi na mbili za maisha ya kwao, zilizokamilika, na chuo kilikuwa kifunguliwe mwezi wa tisa. Asiyekuwa na picha zake asingeingia mwaka wa tatu, na mapadri wasingelipa tena. Alimweleza Mayala jambo hilo huku anacheka, ila vidole vyake vilikuwa vikikwangua rangi iliyoganda kwenye kucha, vikakwangua mpaka damu ikatoka.

Basi wakazoeana. Alfajiri Januarius alikula matobolwa, vile viazi vitamu vikavu, na chai kwa mama yake, akapanda baiskeli kutoka Kasoli hadi Dutwa, akachora mpaka jua likawa kali. Adhuhuri alijilaza juu ya magunia barazani kwa Mayala. Akiamka alicheza bao na wakulima waliokuja kuuza pamba, akafungwa, akadai wamemwibia, akacheza tena, akafungwa tena. Jumamosi alikwenda Bariadi kwa rafiki yake Anatoli aliyekuwa na santuri, wakacheza dansi na viatu miguuni mpaka viatu vikaomba maji. Jumapili aliimba sauti ya nne kanisani, na harufu ya pombe ya wanzuki ya jana ilimfika padri altareni. Alipenda samaki wa Lamadi wa kukaanga kuliko kitu chochote duniani. Brashi zake aliziosha kwa mafuta ya taa aliyomwomba Mayala, akazianika kwenye spoki za baiskeli za watu.

Na watu wakaanza kumzoea, hata wakataka kuchorwa. Kwandu, mama mnene aliyeuza tumbaku karibu na duka, alimkalia siku mbili nzima.

"Januarius, nifanye mwembamba kidogo humo."

"Nikikufanya mwembamba, mayu, nani atakujua?"

"Mume wangu atanijua."

"Yeye ndiye atakayekataa. Atasema nimemwibia nusu."

Kwandu alicheka mpaka kigoda kikalia. Mayala naye aliombwa akae, akakataa, akakataa, mpaka Januarius akamwacha.

Picha hazikuwekwa Kasoli. Nyumba ya Klementina ilikuwa ya nyasi, mchwa walidondosha udongo toka juu, na mbuzi alikwisha kula picha moja ya wasichana wanaotwanga, akaacha michi tu. Mayala alikuwa na nyumba ya bati na sanduku kubwa la mbao. Mkewe, Milembe, alizifunika kwa shuka safi kama mtoto mgonjwa. Ikawa kila picha iliyokamilika inaingia sandukuni mwa Mayala, na Mayala akienda kulala huinua shuka, akatazama, akashusha. Hakumwambia mtu kwamba anafanya hivyo.

Ilipobaki picha moja, Januarius akasema atamchora Nkinda.

Hapa lazima isemwe kidogo habari ya ngoma. Wacheza ngoma wa nchi ile walikuwa pande mbili, Wagika na Wagalu. Mtu aliingia upande mmoja ujanani akafa nao. Kila mwaka, pamba ikiisha kuuzwa, pande hizo zilishindana. Manju wa huku na manju wa kule, yaani viongozi wa ngoma na watungaji wa nyimbo, waliwekwa katika uwanja mmoja, wakatukanana kwa nyimbo mchana kutwa, na watazamaji wakawa wanahama kwa miguu yao kumfuata anayewapendeza. Jua likizama, mwenye kundi kubwa ndiye mshindi. Lakini kila mtu alijua kwamba kazi haikuwa ya koo peke yake. Palikuwa na dawa ya kuvuta watu na dawa ya kumfunga mwenzako sauti, na dawa hiyo ya pili ilihitaji kitu cha mwenyewe: unywele, uzi wa nguo, udongo wa unyayo wake. Kwa hiyo manju alijilinda. Msimu ukikaribia alikula chakula cha mkono wa dada yake tu, na nyuma yake alitembea mtu wa kufuta nyayo.

Nkinda alikuwa manju wa Wagika. Mtu mrefu, mwenye pengo la meno lililofanya sauti yake ipige mluzi mwishoni mwa neno. Januarius alipomwendea, alimwangalia kama anayeangalia mwendawazimu.

"Unataka uso wangu?"

"Sura tu. Inakwenda chuoni, Uganda."

"Huko Uganda kuna Wagalu?"

"Hakuna hata mmoja."

Nkinda akafikiri. Alikuwa mtu wa kujipenda. "Basi nichore. Ila Mgalu asiione mpaka msimu upite. Apa."

Januarius akaapa kwa Mungu wa mapadri. Akamchora siku tano, si kwenye karatasi, kwenye ubao mwembamba, kwa rangi za tyubu alizokuwa akizibania tangu mwanzo. Ilipokwisha akaipakia kwenye baiskeli, akaipeleka ilikopelekwa nyingine zote, sandukuni kwa Mayala.

Na Mayala alikuwa Mgalu. Alipiga ngoma ndogo katika kundi la manju Shigela kwa miaka kumi na tisa. Januarius alijua hilo kama alivyojua kwamba Mayala anavuta kiko. Alikulia misheni, ambako ngoma zilikatazwa, na kwake Wagika na Wagalu walikuwa kama vijana wa timu mbili za mpira.

"Huyu nimeapa asionwe na Mgalu," alisema akicheka, ubao mkononi. "Wewe fumba macho, kaka."

Mayala akafumba macho kweli, Januarius akafunika picha, wakaenda kula samaki.

Siku tatu kabla ya mashindano kundi la Wagalu lilikutana alasiri uani kwa Shigela kufanya mazoezi. Januarius alikuwa Bariadi kwenye harusi ya Anatoli. Shigela alikaa juu ya kigoda chake, amekunja uso. Alikuwa manju mkubwa, lakini miaka miwili mfululizo Nkinda alikuwa amemnyang'anya watu.

"Mwaka huu tena atatula," alisema. "Hatuna hata uzi wa nguo yake. Nimetuma watu, wamerudi mikono mitupu. Nina wacheza ngoma au nina wake wenza?"

Watu wakatazama chini. Mayala alikuwa nyuma kabisa, anapasha ngozi ya ngoma yake moto. Katika miaka yote kumi na tisa Shigela hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita "wewe wa baiskeli." Na sasa, bila kupanga, Mayala akasikia sauti yake mwenyewe. Safari hii neno lilifika mapema.

"Mimi nina sura yake."

Kwanza wakacheka.

"Sura gani? Umemchuna?"

"Wa baiskeli amepigwa na jua leo!"

Mayala akaeleza. Hakueleza vizuri, lakini alipofika kwenye pengo la meno, namna lilivyochorwa mpaka ukadhani utasikia mluzi, wakaacha kucheka. Vichwa vyote vilikuwa vimegeuka kumtazama yeye. Shigela akainuka kutoka kwenye kigoda, akakisukuma kwa mguu mpaka mbele ya Mayala.

"Kaa hapa, Mayala," akasema.

Akakaa. Wakamletea kata ya pombe, wakamwuliza maswali, naye akajibu, nao wakangoja amalize. Shigela alisema ni kuazima tu, siku tatu, ubao utarudi kama ulivyo. Mayala aliamini, au alitaka kuamini. Jioni ile, kabla jua halijazama, akaufunga ubao kwenye gunia, akaupakia nyuma ya baiskeli yake mwenyewe. Milembe alimwona. "Hiyo ya Januarius unaipeleka wapi?" Mayala hakumjibu, na kwa kuwa ilikuwa kawaida yake kutojibu, mkewe akarudi jikoni.

Mganga wa Shigela aliupaka ule ubao dawa nyeusi mdomoni na kooni, wakaufukia uwanjani mahali Nkinda atakaposimama.

Siku ya ngoma watu walitoka Bariadi, Kasoli na vijiji vyote vya katikati. Asubuhi Nkinda aliimba vizuri, watu wakawa kwake. Mchana akaanza kukohoa. Wiki ile yote vumbi lilikuwa baya na watu wengi walikohoa, lakini Nkinda alikohoa katikati ya wimbo, sauti ikamkatika, akafungua mdomo pasitoke kitu. Kundi la watu likaanza kuhama, kwanza wanawake, kisha wazee na vigoda vyao. Jua lilipofika chini, upande wa Wagika walibaki ndugu za Nkinda peke yao.

Kama Shigela angenyamaza mambo yangeishia hapo. Lakini mshindi hakosi kujisifu. Alifukua ubao mbele ya watu wote, akauchomeka kwenye mkuki, akaimba:

"Nimemla kichwa na koo,
mtoto wa misheni kaniletea sahani!"

Januarius alikuwa ametoka harusini siku ile, amesimama pembeni na karatasi zake, anachora wachezaji. Aliinua macho akaona picha yake juu ya mkuki, udongo umejaa machoni, mdomo mweusi. Wagika walikuwa wameanza kumtafuta kwa macho, Kwandu akamshika mkono, akamtoa uwanjani kwa nyuma.

Kabla giza halijaingia alikuja nyumbani kwa Mayala. Alifungua sanduku, akainua shuka, akatazama pale palipokuwa na ubao. Kisha akamtazama Mayala. Mayala alikuwa amekaa kitandani, mikono katikati ya magoti. Januarius akazifunga picha kumi na moja zilizobaki, akazibeba.

Mlangoni akasema, "Mwanangwa ameita baraza Jumatano. Utakuja?"

"Nitakuja," Mayala akasema.

Jumatano watu walijaa kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji, kama siku ya kodi. Nkinda alikaa amejifunga shuka shingoni, na aliyemsemea alikuwa kaka yake. Walidai Januarius ameuza sura ya manju kwa Wagalu. Na nyuma yao walikuwapo wengine wote waliochorwa, kwa sababu hofu ilikuwa imekwisha kupita nyumba kwa nyumba: ikiwa ameuza ya Nkinda, ya kwangu atamwuzia nani?

Mwanangwa alikuwa mtu wa haki. "Kijana, picha ulikuwa unaiweka wapi?"

"Kwa mtu niliyemwamini. Mimi nilikuwa Bariadi harusini. Anatoli huyu hapa, na bibi harusi mtamwuliza."

"Mtu gani?"

Januarius hakumtazama mtu yeyote. "Kama yupo hapa, atasema mwenyewe."

"Vema," mwanangwa akasema. "Nasema mbele ya wote. Mtu huyo akisimama akasema aliichukua bila ya kijana kujua, kijana hana kosa. Hakuna atakayemgusa, na picha zake abaki nazo, aende nazo shuleni kwake. Asiposimama, kila mtu akachukue uso wake."

Vijana wa Wagika walikuwa wamesimama na fimbo zao kando ya ukuta. Shigela alikaa upande wa pili, na karibu naye palikuwa na kigoda kitupu, cha Mayala, alichomletea kwa heshima. Mayala alikuwa bado hajakikalia. Maneno alikuwa nayo. Yalikuwa matatu tu: mimi ndiye niliyeichukua. Aliyapanga. Aliona fimbo, akaona kigoda, akaona mgongo wa Klementina, aliyekaa chini mbele na rozari. Akasafisha koo. Watu wawili watatu wakageuka. Akakohoa, kama mtu mwenye vumbi kifuani.

Mwanangwa alingoja, akangoja tena. Kisha akapiga goti lake kwa kiganja. "Hakuna mtu," akasema.

Kesho yake asubuhi watu walikwenda Kasoli. Mayala naye alikwenda, akasimama nje ya uzio wa minyaa. Januarius alikuwa amepanga picha juu ya mkeka uani. Alimpa kila mtu yake kwa mikono miwili. Kwandu aliipokea akaificha ndani ya kanga, machozi yakimtoka. "Si mimi, mwanangu. Ni wakwe zangu." Mwingine aliichana papo hapo akala kipande cha uso, apate kuwa na hakika. Mzee mmoja mchungaji alichukua picha yake, akarudi tena, akanyoosha kidole kwenye ile ya kundi kwenye malambo.

"Hiyo haina mtu, babu," Januarius akasema.

"Ng'ombe wangu wamo. Yule mwenye pembe moja ni wangu."

Akapewa. Hata ng'ombe wakaondoka. Mkeka ukabaki mtupu, na Klementina akaukunja.

Mwezi wa tisa ukaja, chuo kikafunguliwa. Januarius aliandika barua, akajibiwa kupitia kwa mapadri. Aliisoma mara moja. Hakuna mtu aliyekubali tena kukaa mbele yake. Akipita na penseli kina mama walivuta watoto ndani. Mwisho akapata kazi katika ghala la pamba. Kazi yake ilikuwa kuweka bati lililotobolewa herufi juu ya mtumba wa pamba na kupaka rangi nyeusi, mtumba baada ya mtumba, herufi zilezile. Aliacha bao, hakwenda tena kwa Anatoli. Pedali yake ikilegea aliisukuma baiskeli mpaka Bariadi, akapita mbele ya baraza ya Mayala huku anatazama njia.

Nkinda alipona kifua kwa wiki mbili. Mwaka uliofuata aliwashinda Wagalu vibaya, na kigoda cha Mayala akapewa mtu mwingine.

Mwaka hamsini na saba Klementina alifariki. Baada ya arobaini Januarius alikuja Dutwa na begi moja kungoja basi, anakwenda Mwadui kutafuta kazi mgodini. Mayala alimwona, akaacha spana chini, akavuka barabara. Basi lilikuwa limekwisha kupiga honi. Akalishika begi ili alipandishe juu, akasimama nalo hivyo, midomo inacheza.

"Januarius," akasema. "Siku ile. Barazani."

Januarius alikuwa amekonda, kucha zake zina weusi wa rangi ya mitumba. Alimtazama, si kwa hasira.

"Siku ile nilikuona umesafisha koo," akasema. "Nikajiambia, huyu ni mzito kuanza, nikimtaja nitakuwa nimemkatiza. Nikakungoja. Mwanangwa alipopiga goti nilikuwa bado nakungoja. Sasa basi linaondoka, kaka Mayala. Niachie begi langu."